Msimbazi: uchafu una saa zake

Swali ninaloulizwa kuliko yote, tangu niingie kwenye kazi ya kupima maji hapa Dar es Salaam, ni hili: Mto Msimbazi ni mchafu kiasi gani? Wananiuliza waandishi wa habari, wanafunzi wanaokuja maabara kwa mafunzo ya vitendo, hata mashemeji kwenye shughuli za kifamilia. Kila mmoja anataka namba moja aondoke nayo. Namba hiyo haipo. Mtu akikupa namba moja ya Msimbazi, muulize kwanza alichota wapi, saa ngapi, mvua ilinyesha lini, na bahari ilikuwa imejaa au imekupwa.

Mto wenyewe si mrefu. Haufiki kilomita 40 kutoka vilima vya Pugu, Kisarawe, hadi unapoingia baharini pale Daraja la Salender. Lakini katika safari hiyo fupi unapita Gongo la Mboto, Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unapokea Mto Ng'ombe unaotoka pande za Sinza na Tandale, pamoja na mifereji mingi ambayo haina hata jina. Kule juu, kiangazi, unaweza kusimama majini ukaona vidole vyako vya miguu juu ya mchanga. Huku chini, kuanzia Vingunguti kwenda mbele, hutii hata kidole cha mkono bila glavu.

Kipimo kilichonifanya niipende kazi hii ni cha zamani, cha chupa na dawa. Siku hizi tuna mita za mkononi: unatumbukiza, unasoma kiasi cha oksijeni, unaandika. Ila mita isiposawazishwa inadanganya, kwa hiyo mara kwa mara tunarudi kwenye chupa. Unaijaza maji ya mto taratibu hadi yafurike, kisiwemo hata kiputo kimoja cha hewa. Unatia dawa ya manganizi, kisha dawa ya alkali yenye iodini, unaifunika kwa kizibo cha kioo na kuipindua juu chini mara kadhaa. Maji yakiwa na oksijeni, mashapo yanayojitokeza huwa ya kahawia, na kadiri oksijeni inavyokuwa nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Yasipokuwa nayo, mashapo huwa meupe. Chupa ya kutoka Kisarawe hutoka kahawia iliyoiva. Chupa ya Kigogo, kiangazi, nimeiona ikitoka nyeupe kama tui.

Vijana waliokuwa wametuzunguka siku ile ya chupa nyeupe walinyamaza, kisha mmoja akauliza kama samaki anaweza kuishi humo. Hawezi. Maji safi yenye joto la nyuzi 28 hubeba oksijeni chini kidogo ya miligramu 8 kwa lita. Samaki wengi huanza kuhangaika ikishuka chini ya 5, na ikifika chini ya 2 wanakufa au wanakimbia. Kambare ana ahueni kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikibeba chupa hizo kila ninapokwenda kwenye mikutano ya mtaa, maana nimeona jedwali la matokeo halimfikishi mtu mbali, lakini chupa mbili zilizowekwa bega kwa bega juu ya meza ya mwenyekiti zinamaliza ubishi.

Hata hivyo hiyo ni chupa ya mahali pamoja na saa moja, na hapo ndipo penye tatizo la upimaji wetu. Ofisi nyingi hupima mito kwa ratiba ya ofisi. Gari linatoka asubuhi, mnakwama kwenye foleni ya Mandela, saa nne mko mtoni, saa nane sampuli ziko maabara. Haraka hiyo ina sababu zake za haki. Sampuli za bakteria zinatakiwa zikae kwenye deli lenye barafu na zianze kupimwa siku hiyohiyo. Kipimo cha BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu uliomo majini, huchukua siku 5 kwenye nyuzi 20, nacho hakitaki sampuli iliyokaa. Lakini ratiba hiyo ina upofu ambao darasani sikuelezwa. Aliyenieleza ni mama mmoja anayelima mchicha bondeni.

Tulimkuta akimwagilia kwa keni. "Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kuchota tena?" Akaziangalia chupa zetu, akatikisa kichwa. "Nyie mnakuja saa nne. Saa nne mto unakuwa umeshaoga. Njooni kabla ya adhana ya alfajiri muone rangi yake."

Tulirudi. Mfereji mmoja unaoingia mtoni jirani na matuta yake, ambao mchana huwa na maji ya kawaida ya mtaroni, ulikuwa unatiririsha maji ya vuguvugu yenye povu na rangi ya zambarau. pH yake, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali, ilikuwa imepita 8.5, ambayo ndiyo ncha ya juu inayoruhusiwa. Kila anayejua kazi ya kutia rangi vitambaa atatambua dalili hizo: joto, alkali, rangi. Mtu alikuwa anafungulia tenki usiku. Kulipokucha vizuri hapakuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya utando kidogo kwenye majani ya kingo.

Kuanzia hapo nikawa mbishi kuhusu saa. Kwenye mifereji inayotiliwa shaka tunachota kila saa kwa mchana na usiku mzima. Sehemu ya kila sampuli tunaichanganya pamoja kupata wastani, na sehemu tunaitunza peke yake, kwa sababu ukichanganya zote unameza kilele cha uchafu na kumpa mchafuzi nafuu asiyostahili. Na alfajiri haina faida ya kukamata wanaofungulia matenki peke yake. Kwenye vipande vya mto vilivyotulia, mwani hutengeneza oksijeni jua likiwaka na huitumia gizani. Mita inayosoma vizuri saa saba mchana itakuonyesha maji yaliyoishiwa pumzi saa kumi na moja alfajiri, na samaki hufa kwa ile ya alfajiri.

Wakulima wa bondeni tuliwaomba watutumie picha kwa WhatsApp kila wanapoona maji yamebadilika. Wapo waliodhani ni mzaha. Picha haina miligramu, lakini ina saa na mahali, na hivyo viwili vilitusaidia kujua pa kwenda na wakati wa kwenda kuliko ramani zote tulizokuwa nazo ofisini. Ningekuwa na uwezo ningewalipa posho, maana wanafanya kazi ya serikali.

Jambo la pili, ambalo natamani kila diwani wa jiji hili alielewe, ni tofauti kati ya ukolevu wa uchafu na mzigo wa uchafu. Ukolevu ni miligramu ngapi zimo kwenye lita moja. Mzigo ni kilo ngapi zinaingia mtoni kwa siku. Ili ujue mzigo lazima upime na wingi wa maji, na hiki ndicho kipimo kinachorukwa mara nyingi kwa sababu ni cha kuingia majini na gambuti. Unapima upana, unapima kina kila baada ya nusu mita, kisha unatupa chungwa na kuhesabu sekunde linazotumia kumaliza mita kumi. Tunapenda chungwa kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi. Kasi unayoipata ni ya juu ya maji, kwa hiyo unachukua asilimia 85 yake, kwa kuwa chini mto huenda polepole.

Sasa chukulia mfereji mdogo unaotoka machinjioni, wa kuruka kwa hatua moja, unaopitisha lita 5 kwa sekunde. BOD yake ni miligramu 2,000 kwa lita, kiwango cha kawaida kabisa kwa maji ya damu na samadi. Zidisha: gramu 10 kwa sekunde, kilo 864 kwa siku kama unatiririka kutwa kucha. Mtu mmoja hutoa takriban gramu 40 kwa siku. Mfereji ule, ambao mtoto anauruka, unauelemea mto sawasawa na vyoo vya watu zaidi ya 21,000 vilivyofunguliwa moja kwa moja majini. Bila hesabu hiyo, macho yote yatakwenda kwenye mtaro mpana wenye taka zinazoelea, kwa sababu ndio unaopendeza kwenye picha ya gazeti, na fedha ya kusafisha itakwenda hukohuko.

Hesabu ya mzigo inafichua na ujanja mwingine. Kanuni zetu za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka majitaka yanayoingia mtoni yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita, na COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuteketeza uchafu kwa kemikali, isizidi 60. Ni viwango vizuri na vikali. Ila vinahesabu ukolevu. Niliwahi kufika kwenye kiwanda kimoja nikakuta mpira wa maji ya kisima umeelekezwa kwenye chemba ya mwisho, ileile tunayochotea sampuli. Majitaka yanazimuliwa, sampuli inafaulu, cheti kinatoka. Mto haupati nafuu yoyote, maana kilo ni zilezile, na maji safi ya chini ya ardhi yamemwagwa bure. Dawa yake si kubadili sheria. Kibali cha kutiririsha majitaka, ambacho kwa mito yetu hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, kinaweza kubeba masharti ya wingi wa maji pamoja na ubora wake. Weka mita kwenye bomba la kutokea, linganisha na ankara ya maji na usomaji wa kisima. Kiwanda kinachotoa maji mengi kuliko kinayoingiza kina maelezo ya kutoa.

Ni rahisi kunyooshea viwanda kidole na kuishia hapo. Lakini tulipoweka matokeo ya bakteria wa kinyesi pembeni ya takwimu za mvua, picha ilikuwa nyingine. Ningetarajia mvua izimue uchafu, bakteria wapungue. Mvua za kwanza za vuli zilikuwa zikiwapandisha, na masika hawakushuka ipasavyo. Sehemu kubwa ya wakazi wa jiji hili haijaunganishwa na mabomba ya majitaka; tunatumia vyoo vya shimo na makaro. Bondeni maji ya ardhini yako juu, shimo halichimbiki, kwa hiyo choo hujengwa kwa kuinuliwa na unakipanda kwa ngazi. Pembeni yake chini kuna tundu lililozibwa. Maji ya mvua yakianza kujaa uchochoroni, tundu linazibuliwa. Kutapisha choo, ndivyo tunavyosema, na kila mtu wa bondeni anajua usiku wa mvua kubwa ni usiku wa kutapisha.

Mzee mmoja wa Kigogo nilimwuliza kwa adabu kwa nini wasiite gari la kunyonya. Hakukasirika. "Mwanangu, gari linaishia barabara ya lami. Mpira wake ukiuvuta wote unafika kwa jirani wa nne kutoka hapa. Na nikilipa safari moja ya gari, kodi ya mwezi imekwenda." Baada ya kumsikiliza sikuweza tena kuandika kwenye ripoti sentensi ile tuliyozoea, kwamba jamii ielimishwe juu ya madhara ya kutapisha vyoo. Madhara wanayajua, watoto wanaoharisha ni wao, na kipindupindu kikiingia mjini huanzia kwao. Wanachokosa ni mpira unaofika. Hapa Dar zimejaribiwa pampu za mkono zinazoingia uchochoroni, na mapipa yanayosombwa kwa guta la magurudumu matatu hadi pa kukabidhi. Imejaribiwa pia mitambo midogo ya kusafisha majitaka iliyowekwa ndani ya mtaa wenyewe badala ya kusubiri bomba kuu. Nimeona inavyofanya kazi. Shida huwa baada ya mradi kuisha, pampu ikiharibika na hakuna fungu la spea. Ukiniuliza wapi pa kuweka shilingi ya kwanza ya kupunguza bakteria Msimbazi, nitakuambia hapo, kabla ya kununua hata mashine moja mpya ya maabara yangu.

Kuhusu mchicha, watu wananiuliza kama wale au wasile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mwaka 1999 utafiti wa mboga za majani zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakakuta madini ya risasi na kadimiamu kwenye majani. Kwa upande wa vijidudu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha bakteria wa kinyesi 1,000 kwa mililita 100 kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, na Msimbazi wa mjini uko mbali mno na kikomo hicho. Haya mawili yanachanganywa kila siku, na ni hatari kuyachanganya. Vijidudu vinakufa kwa jua na kwa moto: mkulima akimwagilia shinani badala ya juu ya majani, akaacha maji ya mto siku chache kabla ya kuvuna, na mama wa nyumbani akaosha kwa maji safi na kupika, hatari inashuka sana. Tatizo ni kwamba mafungu yenyewe huoshwa mtoni yang'ae kabla ya kwenda sokoni, na hapo jitihada zote zinarudi sifuri. Risasi, kwa upande wake, haioshwi wala haipikiki. Iliyofika ndani ya jani imefika.

Nimewahi kuona mgambo wakifyeka matuta. Nilisimama pale nikiumia, kwa sababu waliofyekwa ni walewale waliokuwa wakituambia maji yamebadilika saa ngapi, na aliyefungulia tenki usiku alikuwa amelala kwake. Sheria ya 2004 inakataza shughuli ndani ya meta 60 kutoka mtoni, naijua. Lakini kumwondoa mkulima hakupunguzi hata gramu moja ya risasi kwenye maji. Kama ni kumhamisha, ahamishwe penye maji mengine ya kumwagilia.

Huku mdomoni mwa mto, Salender, kuna somo la peke yake. Bahari ikijaa, maji ya chumvi yanapanda mtoni kupita mikoko, na ukichota wakati huo unapima Bahari ya Hindi. Nililetewa siku moja ripoti ya mshauri mwelekezi ikionyesha COD ya kutisha pale darajani huku BOD ikiwa ya chini. Wakubwa walitaka kutangaza kwamba kuna kemikali kali imemwagwa. Nikauliza kiwango cha chumvi; hakikupimwa. Maji ya bahari yana kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, takriban miligramu 19,000 kwa lita, na kloridi huingilia kipimo cha COD ikaonekana ni uchafu. Tulirudia maji yakiwa yamekupwa, tukiangalia kwanza mita ya upitishaji umeme, ambayo huonyesha kama maji yana chumvi, na kemikali kali ikatoweka. Mbaya zaidi ni kinyume chake: mtu akichota maji yamejaa akapima bakteria, atapata mto msafi na kuandika kwamba hali imeimarika. Kalenda ya maji kujaa na kupwa iko kwenye simu ya kila mvuvi wa Feri. Iwe na kwenye fomu ya sampuli.

Sasa bonde linaingia kwenye mabadiliko makubwa kuliko yote niliyoyaona. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40, na mengine mengi yaliyofuata pale Jangwani, mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi. Wakazi wengi wamelipwa na kuondoka, na mto utachimbwa upate kina. Naunga mkono, nimeshaona maji yakifika dirishani. Lakini ni mradi wa mafuriko kwanza, na maji yanayokimbia haraka hayana maana ya maji safi. Kwenye Mto Ng'ombe uliojengewa zege, mtaro hausimami tena na harufu imepungua, ila uchafu unaotiwa humo unafika baharini mapema zaidi, haujapata muda wa kuoza njiani.

Ninachokisemea kila nikipewa kiti kwenye kikao ni tope. Kwa miaka mingi madini mazito yaliyoingia mtoni yamekuwa yakijishika kwenye matope ya chini, hasa sehemu zenye maji yasiyo na kasi. Tukichimba, tunayaibua. Tope hilo lazima lipimwe risasi, kadimiamu, kromiamu na zebaki kabla halijaondolewa, kipande kwa kipande, na kipande kilichochafuka kiwe na pa kutupwa palipotengwa. Vijana wanaochimba mchanga mtoni kwa ajili ya kufyatulia matofali waambiwe ni wapi wasichimbe. Na kabla ya kuchimba, tunahitaji mwaka mzima wa vipimo vya maji, pamoja na wingi wake, kwenye vituo visivyohama: juu Pugu, chini ya Vingunguti, Kigogo, mlango wa Mto Ng'ombe, na Salender maji yakikupwa. Barua ya kuomba vifaa vya vituo hivyo nimeshaiandika. Kwenye safu ya muda wa kuchota nimeweka alfajiri, mchana na usiku wa manane, na nimeomba fungu la walinzi, kwa sababu najua swali la kwanza litakaloulizwa ni nani atakwenda mtoni saa tisa usiku.